Makosa ya kuwaza: tunazaliwa nayo ao tunafundishwa?

Zaidi ya miaka 400 iliyopita, wachimbaji wa milima ya Erzgebirge, kule Ujerumani, walikuwa wanatafuta shaba na feza nyeupe. Mara na mara walikutana na jiwe zito lenye kungaa, lenye lilifanana na lile walitafuta. Walilichimba kwa jasho, wakalipandisha juu, wakalitia ndani ya moto. Feza haikutoka. Ilitoka moshi yenye sumu, juu ndani ya jiwe lile mulikuwa arseniki. Watu walikohoa, wakaugua. Halafu wakauliza ulizo lenye hata sisi tunauliza kila siku: ni nani ametufanyia hivi? Wakajibu: ni Kobold, pepo mudogo mwenye kukaa chini ya udongo, anaiba feza na kuacha jiwe la bure. Wakapatia jiwe lile jina lake. Kobold, kobalt, cobalt.

Njo ile tunapakia ndani ya mifuko ku Kolwezi. Jina lenye kuandikwa ku mulango wa kila depot ni jina la mulozi wa wazungu.

Nickel nayo ni ndugu yake. Ilitoka ku jiwe jekundu lenye lilionekana sawa shaba lakini halikutoa shaba hata kidogo. Wachimbaji wa pale waliliita Kupfernickel, ni kusema shaba ya Nickel, pepo mwengine mwenye kuchezea watu. Ilibidi Waswedi wawili, Georg Brandt karibu na mwaka 1735 na Axel Cronstedt mu 1751, wakae juu ya mawe yale na kuonyesha kama ndani mulikuwa metali mbili zenye hazikujulikana, hapana shetani. Na musiwaze kama ni watu wasio na masomo tu walisadiki. Georgius Agricola, daktari, aliandika kitabu kikubwa cha ufundi wa kuchimba chenye kilitoka mu 1556. Anaeleza ndani yake pampu za maji, mbao za kushikilia shimo, namna ya kuingiza upepo chini. Ndani ya kitabu kilekile anaandika juu ya pepo wa mashimo, bila kucheka.

Tunakumbusha habari hii kwa sababu ya neno moja lenye linasikilika sana ku carrière, ku nganda, hata ku nyumba wakati wa bukari: "Sisi batu beusi njo vile tuko." Shimo likianguka na watu wakianza kutafuta mulozi, kijana mwenye alifika ku université anatikisa kichwa: njo vile tuko. Muzee naye, mwenye hapendi kuulizwa maulizo, anasema: ni mila yetu, uache. Mumoja anasema kwa haya, mwengine kwa kiburi, lakini wote wawili wanakubaliana ku kitu kimoja: kosa ni letu peke yetu. Mumoja analitia ndani ya damu, mwengine ndani ya mila. Je, ni kweli? Na kama ni kweli nusu, ni nusu gani?

Tuseme kwanza kosa la kuwaza ni nini. Kutokujua si kosa la kuwaza. Mwenye hajui bei ya leo, ukimwambia anajua, inaisha. Kosa la kuwaza ni lile lenye linarudi namna ileile hata kwa mwenye kujua, sawa mugulu wenye kuteleza kila mara ku jiwe moja. Mu 1974, Waisraeli wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walitoa andiko lenye lilikuwa na sifa sana juu ya makosa ya namna ile. Kahneman alipata Prix Nobel ya uchumi mu 2002. Tversky alikuwa amekwisha kufa. Walionyesha kama mutu anapima hatari kwa mifano yenye inamukujia mbio mu kichwa, si kwa hesabu.

Mutu wa Kolwezi haitaji andiko ili aelewe hilo. Mu 2014, ku Kasulo, cobalt ilionekana chini ya nyumba ya mutu, na mbele ya muda murefu kupita kartiye nzima ilikuwa inachimba: ndani ya salon, nyuma ya choo, chini ya kitanda. Kila mumoja aliona ule mwenye alinunua gari. Ule mwenye alichimba metre makumi mbili akakuta udongo mutupu, nani alimuona? Hakupita barabarani na honi.

Lakini watu wenye Tversky na Kahneman walipima walikuwa zaidi wanafunzi wa université, wa Israel na wa Marekani. Basi wengine wakauliza: makosa hayo ni ya mwanadamu, ao ni ya mwanafunzi wa Marekani?

Mistari miwili ku mavumbi

Kamata kijiti, chora ku mavumbi mistari miwili yenye urefu sawa. Mustari wa kwanza, ku kila mwisho, tia vimabawa viwili vyenye kurudi ndani, sawa ncha ya mushale. Mustari wa pili, tia vimabawa vyenye kufunguka inje, sawa mukia wa mushale. Sasa uliza mutoto: ni upi murefu? Karibu atasema wa pili. Mupatie kamba apime, ataona iko sawa, na kisha kupima macho yake itaendelea kumudanganya. Muchoro huu unaitwa kwa jina la Mujerumani Müller-Lyer, mwenye aliutoa mu 1889. Ni kosa la macho, lakini wenye kuchunguza mawazo wanaupenda sana, juu unaonyesha wazi kosa lenye halisikii masomo.

Mu 1966, Wamarekani watatu, Segall, Campbell na Herskovits, walitoa kitabu. Walikuwa wametumia watu wa kuonyesha michoro ya namna hii kwa vikundi zaidi ya 15, karibu watu 1,900, wengi wao wa Afrika. Ku Evanston, karibu na Chicago, ili watu waone mistari iko sawa, ilibidi ule mufupi uongezwe karibu sehemu moja juu ya tano. Wale walidanganyika kupita wote. Na wale wenye walidanganyika kidogo kabisa, karibu na sifuri? Wasan, wawindaji wa jangwa ya Kalahari, na kikundi cha wachimbaji weusi wa mashimo ya Afrika Kusini.

Musome tena pole pole. Wakati ule sheria ya inchi yao ilisema watu hawa akili yao ni fupi, wanafaa kusukuma wagoni tu. Wakapimwa, na jicho lao lilisema kweli pahali la profesa lilidanganyika.

Wale Wamarekani walitoa maelezo haya: mutu mwenye kukomalia ndani ya nyumba za pembe nne, milango, madirisha, meza, ukuta yenye kukutana, jicho lake linajifunza kusoma kila pembe sawa ukuta yenye iko mbali ao karibu. Jicho lile linafaa sana ku muji, lakini mbele ya muchoro linajidanganya. Mwenye kukomalia ndani ya nyumba za mviringo ao ku pori hana desturi ile. Na hapana kusema Waafrika walikuwa sawa ku kila kitu: kuna muchoro mwengine, wa mustari wenye kusimama na wenye kulala, ambao vikundi fulani vya Afrika vyenye kuishi pahali peupe penye kuona mbali vilidanganyika kupita wazungu. Basi ni maisha yenye kufundisha jicho. Kwa upande wa mila, bao moja.

Lakini habari haikwishi pale. Mu 2015, watafiti walitoa matokeo kutoka India. Waliangalia watoto tisa, wa miaka 8 mpaka 16, wenye walizaliwa vipofu na hawakuona kitu maisha yao yote mpaka waganga walipopasua macho yao. Mbio kisha kufungua macho, mbele jicho lijifunze nyumba wala pembe, waliwaonyesha mistari ya Müller-Lyer. Walidanganyika. Watoto wale hawakukuwa na wakati wa kufundishwa na kuta. Bao moja kwa upande wa kuzaliwa.

Wenye elimu wanaendelea kubishana. Mimi mwenye kuandika naona mambo yote mawili yanaweza kusimama pamoja: kichwa kinazaliwa na muelekeo, na maisha yanaukaza ao yanaulegeza. Mutu anazaliwa na mugongo wenye kuweza kupinda. Kazi ya kubeba mifuko njo inaupinda.

Shimo lenye hatuwezi kuacha

Tuache michoro, tushuke ku shimo, juu pale kosa linaua.

Wazia timu ya watu saba. Wamechimba miezi mine. Wako ku metre 28. Mwenye kutoa makuta, ule tunaita sponsor, amelipa mupira wa kuleta upepo, mafuta ya pampu, chakula, wakati mwengine hata feza ya hospitali. Filon yenye walitumainia ilikatika ku metre 19. Maji inaanza kutoka ku ukuta. Ku mwendo wa dakika kumi kwa mugulu, timu ingine imeanza shimo mupya na iko inapandisha kitu. Kila mumoja wa wale saba, ukimuuliza peke yake mangaribi, atakwambia shimo hili limekufa. Asubui wote wanashuka. "Tulisha kutosha jasho mingi hapa, tutaacha je sasa?"

Neno "tulisha" njo kosa lenyewe. Jasho lenye lilikwisha kutoka halirudi, ukishuka ao usiposhuka. Chenye kinabaki kupima ni cha mbele tu: metre yenye inakuja itatoa nini, na itaomba nini.

Je, hii ni yetu? Mu 1985, Wamarekani wawili, Arkes na Blumer, walitoa andiko juu ya tikiti za kuona mchezo wa jukwaa ku université moja ya Ohio. Watu wenye walinunua tikiti ya musimu muzima, wengine waliuziwa kwa bei kamili, wengine walipunguziwa bila kutazamia, kwa bahati. Mchezo ulikuwa mumoja kwa wote. Lakini kwa miezi ya kwanza, wale walilipa bei kamili walikuja mara mingi kupita wale walipunguziwa. Hawakupenda mchezo kupita wengine. Walikuwa wanakimbilia makuta yenye ilikwisha kwenda. Na wakubwa wao wanafanya vilevile. Concorde, ile ndege Mobutu alikodi mpaka ku Gbadolite, Ufaransa na Uingereza waliendelea kumwanga makuta ndani yake hata wakati ilionekana kama biashara haitarudisha. Mpaka leo wenye elimu wanaita kosa hili kwa jina la ndege ile. Tungeweza kuliita kwa jina la mashimo mingi ya kwetu, lakini mashimo yetu hayana majina yenye kujulikana Paris.

Tena kuna panya. Mu 2018, watafiti wa Marekani walionyesha kama panya wadogo na wakubwa, mbele ya chakula chenye kutolewa kisha kungoja, wanafanya sawa watu: kadiri panya amekwisha kungoja, ndivyo hataki kuondoka, hata kama wakati wenye unabaki ni uleule. Panya hana mila. Hana sponsor. Hajafundishwa na baba yake kama mwanaume haachi kazi katikati. Basi muelekeo huu uko mbali sana ndani ya mwili, kupita lugha na kabila.

Lakini hapa ninataka kusimama kidogo, juu wenye elimu wa ofisini wanapita mbio. Ule muchimbaji wa metre 28, si kila kitu chenye anafanya ni kosa. Akiacha shimo, deni ya sponsor inabaki ku kichwa chake. Akiacha siku tatu, timu ingine inaweza kushuka na kusema shimo ni lao. Nyumbani bibi anaulizwa makuta ya masomo ya watoto. Mutu wa namna ile hahesabu vibaya. Anahesabu ndani ya sheria zenye wengine walimuandikia. Muelekeo wa panya uko, kweli, lakini mapatano ya ku carrière njo yanaupatia chakula. Ungebadilisha mapatano, ule ubongo uleule ungepanda inje.

Nyani wananunua matofaa

Kuna uchunguzi mumoja wenye utawachekesha wenye kuuza ku depot. Mu 2006, ku Université ya Yale, watafiti walifundisha nyani wadogo kutumia vipande vya chuma sawa makuta. Nyani anatoa kipande, anapata tofaa. Kulikuwa wauzaji wawili. Wa kwanza alionyesha kipande kimoja cha tofaa, na mara moja juu ya mbili aliongeza cha pili. Wa pili alionyesha vipande viwili, na mara moja juu ya mbili aliondoa kimoja. Mwisho wa siku, wote wawili walitoa sawasawa. Lakini nyani walimukimbilia wa kwanza. Kunyanganywa kiliwauma kupita vile kuongezewa kiliwafurahisha.

Mwenye kuuza madini anajua uchungu ule. Négociant wa kwanza anataja bei ya juu, kisha mashini ya kupima teneur inasema kitu, kisha unyevu, kisha uzito wa mufuko, bei inashuka. Wa pili anataja bei ya chini na hashushi. Mufuko ukiisha kupimwa, pengine makuta ni ileile. Lakini kwa wa kwanza tunatoka na hasira, kwa wa pili tunatoka na salamu. Wanunuzi wajanja walielewa hilo mbele ya Yale.

Basi, ni damu tu? Hapana, njooni Tanzania, ku ziwa Eyasi, kwa Wahadza. Ni watu wenye wanaishi bado kwa kuwinda na kutafuta asali na mizizi. Kosa lenye lilichunguzwa kule ni dada ya lile la nyani: mutu akiisha kushika kitu mukononi, anakipatia samani kupita vile kilikuwa nayo mbele akishike. Watafiti walipatia kila mumoja kitu kidogo, biskuti ao briketi ya kuwasha moto, halafu wakauliza: unataka kubadilisha na ingine ya namna hii? Kama hakuna muelekeo wowote, karibu nusu ya watu wabadilishe. Matokeo yalitoka mu 2014. Wahadza wenye kukaa mbali, karibu nusu walibadilisha. Wahadza wenye kukaa karibu na muji na watalii, wenye kuuza pinde na shanga, ni karibu robo moja tu walibadilisha. Wengine walishikilia chao.

Damu moja, lugha moja, mila moja ya mababu. Chenye kiliwatenganisha ni soko. Kwa wale wa mbali, nyama ikiuawa inagawanywa, hakuna mwenye kushika chake muda murefu. Kwa wale wa karibu, chako ni chako. Kosa lilikuwa limelala, soko ililiamusha. Ku Kolwezi ao ku Likasi, wapi kila jiwe liko na bei na kila shimo liko na mwenyewe, musishangae likikesha macho.

Wanamuke na filon

Sasa tufike ku neno lenye linaumiza nyumba zetu, na tulichelewesha kwa kusudi.

"Banamuke bakifika ku shimo, madini inakimbia." Ni nani mu Katanga hajasikia? Kwa sababu ya neno hili, mama anaosha mawe ku mutoni, anatwanga, anachagua, anabeba. Ku shimo hafiki. Na makuta inagawanywa kuanza na wale wa shimo. Siku filon inakatika, ikisikilika kama mwanamuke alipita asubui, kesi imekwisha. Siku shimo linaanguka, wakati mwengine haiishi ku maneno. Tunajua nyumba zenye mutoto alitupwa inje ku barabara juu baba hakupandisha kitu miezi miwili na mutu wa maombi alisema kichwa cha mutoto ni kizito. Sheria ya inchi yetu ya 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mutoto, inaazibu mwenye kushitaki mutoto buloji. Wangapi wanaijua?

Wale wa "njo vile tuko" wanapenda mufano huu. Tuwajibu. Ku mashimo ya Bolivia, wanaume wanasadiki vilevile: mwanamuke akiingia, filon inapotea. Japani, wajenzi wa tuneli walikataza wanamuke juu mungu wa mulima, mwenye ni mwanamuke, angesikia wivu. Wabolivia, Wajapani na Wakatanga hawakukaa ku meza moja kupanga uongo.

Chenye wako nacho pamoja ni namna ya kuhesabu. Kuna siku za namna ine: mwanamuke alipita na filon ikapotea, mwanamuke alipita na filon ikabaki, hakuna mwanamuke na filon ikapotea, hakuna mwanamuke na filon ikabaki. Ili kujua kweli, inafaa kuhesabu zote ine. Kichwa cha mutu kinashika ile ya kwanza tu. Zile zingine zinapita sawa maji, juu hazina habari ya kusimulia. Hata ndege wanafanya hivi. Mu 1948, Mumarekani Skinner alifungia njiwa nane, chakula kikashuka chenyewe kila sekunde chache, njiwa akifanya kitu ao asifanye. Njiwa sita juu ya nane walianza kila mumoja mazoezi yake: mumoja anazunguka, mwengine anapiga kichwa ku pembe. Walikuwa wanafanya chenye kilitukia kufanyika wakati chakula kilishuka. Wengine kisha Skinner walieleza njiwa wale namna ingine, lakini picha inabaki: mbele ya bahati yenye haieleweki, kiumbe kinatafuta sababu.

Na bahati ya shimo haieleweki. Heterojenite yetu, ile nyeusi, mara mingi haikai sawa ukuta yenye kunyooka. Inakaa sawa mifuko-mifuko ndani ya udongo, mufuko unaisha, metre tano hakuna kitu, mufuko mwengine unaanza. Pahali pa namna ile, kila asubui ni bahati-na-sibu.

Lakini kwa nini mwanamuke? Kwa nini si mwenye kofia nyekundu? Pale damu inanyamaza na mila inasema. Ubongo unaomba mutu wa kulaumu. Ni kijiji chenye kinamutaja. Na kinamutaja mara mingi mwenye hana nguvu ya kujitetea: mwanamuke, mutoto, mugeni, muzee mwenye macho mekundu kwa moshi. Musahau kama mila haibadiliki. Uingereza, mpaka sheria ya 1842, wanamuke walishuka chini kuvuta makaa ya mawe pamoja na waume na watoto wao. Makaa haikukimbia. Kisha sheria kuwatosha, kulibaki wachimbaji wenye kurudi nyumbani wakikutana na mwanamuke asubui ku njia.

Mutu mumoja wa kuelewa jambo hili vizuri alikuwa Mwingereza Evans-Pritchard, mwenye aliishi na Wazande kuanzia 1926, na kitabu chake kilitoka mu 1937. Wazande wako hata kwetu, kule Uele. Anasimulia ghala ya mavuno yenye kuanguka juu ya watu wenye walikaa ku kivuli chake. Wazande walijua vizuri sana kama muchwa ulikula nguzo. Hawakuhitaji muzungu awaambie. Ulizo lao lilikuwa lingine: kwa nini ilianguka saa ileile wakati watu wale walikuwa chini? Muzungu anajibu ni bahati mbaya na ananyamaza. Muzande anajibu ni buloji na anaendelea. Evans-Pritchard hakusema Wazande hawajui kuwaza. Alisema wanawaza vizuri kutoka ku mwanzo wenye si wetu.

Ninamuheshimu kwa neno lile. Lakini ku shimo kuna tofauti moja yenye hakuiandika: ulizo la pili likikamata watu wote, hakuna mwenye kubaki na la kwanza. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, zaidi ya wachimbaji 40 walikufa chini ya udongo siku moja. Kwa nini wao, kwa nini siku ile, kila famili iliuliza, na nani anaweza kuikataza? Lakini kama matanga yanaisha na mulozi amepatikana, hakuna mwenye kurudi kuangalia ukuta ulikuwa na mwinamo gani, maji ilitoka wapi, nani aliwaruhusu kushuka. Muchwa unaendelea kukula.

Kosa kwa macho ya nani?

Jambo moja dogo mbele ya kumaliza, kwa wenye kupima wengine akili. Ku Liberia, miaka ya 1960, watafiti wa Marekani walipatia wakulima Wakpelle vitu: chakula, vyombo, nguo. Wakawaomba kuvipanga. Wakulima walitia kisu pamoja na matunda, jembe pamoja na viazi: kwa kazi, si kwa aina. Watafiti wakaandika: hawajui kupanga kwa aina. Mukulima mumoja akaeleza kama mutu mwenye hekima anapanga vile yeye alipanga. Mwishowe wakamuuliza: na mupumbavu angepanga je? Akatia chakula na chakula, vyombo na vyombo, nguo na nguo, sawasawa vile profesa alitaka.

Kwa hiyo tusiitike mbio kila mara mutu wa tai anasema hatujui kuwaza.

Chenye tunaweza kufanya ku carrière kiko kidogo na hakiombi makuta. Kanuni ya mines inakataza shimo la muchimbaji wa mukono kupita metre 30. Wengi wanaipita, na mara mingi wanaipita kwa lile neno "tulisha". Timu moja-moja zinaweza kukatana maneno mbele ya kupiga pioche ya kwanza, wakati hakuna jasho ya mutu ndani: tukifika metre fulani bila kitu, ao maji ikionekana, tunaacha. Iandikwe ku daftari ya timu, pamoja na vile deni ya sponsor itagawanywa kama shimo linaachwa, juu bila hilo la deni mapatano yatavunjika siku ya kwanza. Katika daftari ileile, mutu mumoja aandike kila siku filon ilikuwa je, na nani alipita pale, mwanaume ao mwanamuke. Miezi mitatu inatosha. Na siku ya kuamua kushuka ao kuacha, muite muchimbaji wa shimo lingine, mwenye hakuacha hata tone moja la jasho kwenu, yeye ashuke kuangalia ukuta na aseme wa kwanza.